Damar Hamlin: beki aliyeanguka uwanjani, na watu waliomrudisha

Wiki iliyopita kwenye kipindi cha michezo tulimtaja kwa ufupi Damar Hamlin, mchezaji wa Marekani ambaye moyo wake ulisimama uwanjani na baadaye akarudi kucheza. Tulidhani tumemaliza. Ujumbe mliotutumia ulituonyesha kwamba bado. Msikilizaji mmoja aliuliza kama ni kweli jamaa alikufa akafufuka. Mwingine akataka kujua kama ni ile chanjo ya korona iliyomwangusha. Wa tatu, kocha wa timu ya kijiji, aliuliza swali lililotunyamazisha studioni: "Na kwetu mchezaji akianguka hivyo, tufanye nini?"

Tunajibu yote matatu hapa, kwa sababu redioni muda ni mfupi na matangazo ya vifo na mikutano yanasubiri. Jibu letu kwa kifupi ni hili: Hamlin aliokolewa kwanza na watu waliokuwa pembeni mwa uwanja, waliojua cha kufanya na waliokuwa wamepanga mapema nani atafanya nini. Hospitali kubwa ilifuata baadaye. Jambo hilo lina maana kwa kila anayecheza au kutazama mechi za ndondo huku kwetu.

Huu ni mpira gani?

Tuanze na mchezo wenyewe, maana wengi wenu mmetuambia mkiuona kwenye televisheni mnaona watu wakigongana tu.

Mpira wa Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande, kama soka letu, lakini mpira wenyewe ni mrefu wenye ncha mbili na unabebwa mikononi. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele hatua kumi za vipimo vyao, yaani kama mita 9. Ikifanikiwa inapewa majaribio mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Lengo ni kuufikisha mwisho wa uwanja wa adui.

Tofauti kubwa na soka ni kwamba timu moja ina vikosi viwili. Kuna kikosi cha kushambulia na kikosi cha kulinda, na mchezaji wa ulinzi hubaki wa ulinzi. Kazi yake ni kumzuia mwenye mpira, kumkaba na kumwangusha chini, au kuudaka mpira uliorushwa kwa ajili ya mpinzani. Wanavaa helmeti na vikinga mabega, lakini wanakimbiliana kwa kasi kamili, na kila mmoja anaweza kuwa na kilo 90 au zaidi.

Hamlin ni beki wa mwisho. Anasimama nyuma ya wenzake wote wa ulinzi, na mshambuliaji akiwapita wengine, yeye ndiye anayebaki kati yake na goli. Hawezi kumwachia mwenzake kazi hiyo. Ndiyo maana mabeki wa aina yake wengi humvamia mtu kwa mwili mzima.

Alikotoka

Hamlin alizaliwa Machi 24, 1998 na kukulia McKees Rocks, mji mdogo karibu na Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Huko ni eneo la viwanda vya zamani, na maisha kwa familia nyingi si mepesi. Alisoma sekondari Pittsburgh, akawa beki anayetafutwa na vyuo vikubwa vya michezo. Angeweza kwenda mbali. Akachagua Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kilicho karibu na nyumbani, kwa sababu alitaka kuwa karibu na familia yake, hasa mdogo wake wa kiume aliyekuwa bado mtoto.

Chuoni alianza vibaya kwa majeraha, lakini alivumilia na kuwa mmoja wa viongozi wa timu. Desemba 2020, kabla hajapata hata senti moja ya mpira wa kulipwa, alianzisha mchango mdogo mtandaoni wa kununua zawadi za sikukuu kwa watoto wa mtaani kwao. Lengo lilikuwa dola 2,500. Mkumbuke mchango huo, tutaurudia.

Mwaka 2021 timu za ligi kuu ya Marekani, NFL, zilipokutana kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, jina lake lilisubiri sana. Walichaguliwa wachezaji 211 kabla yake. Wa 212 akawa yeye, akachukuliwa na Buffalo Bills. Mchezaji anayechaguliwa huko chini huwa wa akiba, na wengi hawamalizi hata miaka miwili. Hamlin alikaa benchi msimu wa kwanza. Msimu wa pili, Septemba 2022, beki mzoefu Micah Hyde aliumia shingo. Hamlin akaingia, akashika namba.

Usiku wa Januari 2, 2023

Ilikuwa Jumatatu usiku mjini Cincinnati. Buffalo Bills walikuwa wageni wa Cincinnati Bengals, timu mbili zilizokuwa juu ya msimamo, na mechi ilikuwa ikionyeshwa moja kwa moja nchi nzima.

Katika robo ya kwanza, mshambuliaji wa Bengals, Tee Higgins, alipokea mpira na kukimbia mbele. Hamlin akaja kumkaba. Higgins alimgonga kifuani. Wote wawili wakaanguka. Kwa macho ya kawaida lilikuwa pigo dogo, la aina inayotokea mara nyingi katika kila mechi. Hamlin akainuka, akasimama, akapiga hatua moja mbili, kisha akaanguka chali na hakutikisika tena. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Watu wa tiba walimfikia ndani ya sekunde chache. Mmoja wao, Denny Kellington, msaidizi katika kitengo cha tiba cha Bills, alianza kubonyeza kifua. Ikaletwa mashine ya kushtua moyo. Wachezaji wenzake wakamzunguka kumkinga na kamera, wengi wakilia na wengine wakipiga magoti kuomba. Moyo wake ulirudi kupiga pale pale kwenye nyasi, kabla hajapakiwa kwenye gari la wagonjwa. Akapelekwa Chuo Kikuu cha Cincinnati, kwenye hospitali yao.

Kocha wa Bills, Sean McDermott, na wa Bengals, Zac Taylor, walizungumza uwanjani, wakawapeleka vijana wao vyumbani. Mechi ilisimamishwa, na siku chache baadaye ligi ikatangaza kwamba haitarudiwa.

Tunaomba mlinganishe na mwaka 1971. Oktoba 24 mwaka huo, Chuck Hughes wa Detroit Lions alianguka uwanjani wakicheza na Chicago Bears, na akafariki. Mishipa ya moyo wake ilikuwa na ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Siku ile, baada ya Hughes kuondolewa, mechi iliendelea hadi mwisho. Hadi leo ndiye mchezaji pekee wa NFL aliyekufa kwa kuanguka katikati ya mechi.

Kwa nini moyo ulisimama?

Madaktari walichukua miezi kadhaa kupima kila kitu. Aprili 2023, Hamlin mwenyewe aliwaambia waandishi wa habari jibu lililopatikana: ni mshtuko wa moyo unaosababishwa na pigo la kifua.

Tueleze kwa lugha yetu. Moyo unapiga kwa kuongozwa na umeme mdogo unaotoka ndani yake wenyewe. Kila pigo lina hatua zake: umeme unapita, msuli unakaza, kisha moyo unajiandaa kwa pigo linalofuata. Katika kujiandaa huko kuna kipindi kifupi mno, sehemu ndogo ya sekunde, ambapo moyo hauna kinga. Kitu kikigonga kifua juu ya moyo katika kipindi hicho hasa, umeme unavurugika. Moyo unaanza kutetemeka badala ya kusukuma damu. Damu haiendi kwenye ubongo, na mtu anazimia ndani ya sekunde chache. Ndiyo maana Hamlin aliweza kusimama na kupiga hatua kabla ya kuanguka.

Pigo hilo halihitaji kuwa kubwa. Kinachohitajika ni bahati mbaya ya mahali na wakati. Moyo wenyewe unaweza kuwa mzima kabisa, na kwa Hamlin hawakukuta ugonjwa uliojificha. Visa vya namna hii ni vichache sana. Huko Marekani huwapata zaidi watoto na vijana, hasa wavulana wanaogongwa kifuani na mpira mgumu wa besiboli, kwa sababu kifua cha mtoto bado ni laini.

Moyo unaotetemeka haujirudi wenyewe. Ndiyo maana tunasema dakika. Wataalamu wanaeleza kwamba kila dakika inayopita bila kubonyezwa kifua na bila mashine, uwezekano wa kupona unapungua kwa kati ya asilimia 7 na 10. Ukihesabu dakika kumi, utaona kinachobaki.

Waliojipanga kabla ya mechi

Watu wengi waliuita muujiza, na hatutamnyima mtu imani yake. Lakini tukiangalia kilichofanyika, kuna maandalizi mengi nyuma yake.

Katika kila mechi ya NFL kuna takriban watu 30 wa tiba uwanjani. Saa moja kabla ya mechi kuanza, madaktari wa timu zote mbili, watu wa gari la wagonjwa na waamuzi hukutana. Wanatajiana majina. Wanaonyeshana mashine iko wapi, gari litatokea mlango upi, hospitali gani itapokea mgonjwa, ishara gani ya mkono itatumika kumwita nani. Yupo daktari maalumu ambaye kazi yake ni njia ya hewa tu. Timu hufanya mazoezi ya dharura kabla ya msimu, kama wanavyofanya mazoezi ya kona na penalti.

Kwa hiyo Hamlin alipoanguka, hakuna aliyeuliza "nani ana namba ya gari?" Kellington hakusubiri kuambiwa. Mikono yake ilikuwa kifuani mwa Hamlin wakati watazamaji bado wanadhani amezidiwa pumzi.

Hamlin alilala bila fahamu kwa siku kadhaa. Alipozinduka hakuweza kusema kwa sababu ya bomba la kupumulia, akaandika swali kwenye karatasi: alitaka kujua kama timu yake ilishinda. Madaktari walifurahi kwa sababu ya kitaalamu: swali lile liliwaonyesha kwamba ubongo haukukosa damu kwa muda mrefu. Anajua yuko wapi, anakumbuka alikuwa anafanya nini. Januari 9 alirudishwa Buffalo, na Januari 11 akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Na ule mchango wa watoto wa mtaani? Watu walioona ajali hiyo walikuwa wakitafuta njia ya kusaidia, wakaukuta bado upo mtandaoni. Ukapanda kutoka lengo la dola 2,500 hadi zaidi ya dola milioni 8.

Uvumi uliokimbia kuliko gari la wagonjwa

Sasa swali la chanjo. Hamlin akiwa bado amelala uwanjani, tayari kulikuwa na watu waliokuwa wakiandika mitandaoni kwamba chanjo ya korona imemuua. Hakuna aliyekuwa amempima. Hakuna aliyekuwa na jalada lake. Walikuwa na picha ya mtu aliyeanguka, na jibu walilokuwa nalo mfukoni tangu zamani.

Baada ya wiki tatu hivi alikwenda uwanjani kutazama wenzake akiwa amefunika kichwa na uso, na kamera hazikumpata vizuri. Ukaanza uvumi mwingine: kwamba amekwisha kufa na huyo ni mtu mwingine aliyevalishwa. Hamlin alijitokeza, akazungumza, akacheza tena, na bado wapo walioendelea.

Maelezo ya madaktari yaliyotolewa Aprili yanalingana na kila kilichoonekana: pigo la kifua, sekunde chache amesimama, kuanguka ghafla, moyo kurudi baada ya mashine, na vipimo visivyoonyesha ugonjwa. Tunawakumbusha jambo moja, msikilizaji. Ujumbe unaokuja kwenye kundi la simu dakika chache baada ya ajali hauwezi kuwa na majibu ya vipimo, kwa sababu vipimo vyenyewe havijafanyika. Ukisubiri siku mbili hupungukiwi kitu.

Kurudi kazini, na mkataba uliokuwa mwembamba

Kuna upande wa habari hii ambao haukuimbwa sana, nao ni wa kazi na mshahara.

Watu husikia NFL wakafikiria utajiri. Wapo kweli wenye mamilioni mengi. Lakini kijana aliyechaguliwa wa 212 hayumo kwenye kundi hilo. Mkataba wa Hamlin ulikuwa wa miaka minne, wenye thamani ya takriban dola milioni 3.6 kwenye karatasi. Sehemu iliyohakikishwa, yaani ambayo timu isingeweza kuirudisha, ilikuwa kidogo juu ya dola 160,000. Fedha nyingine zote zilitegemea kama bado yuko kwenye timu. NFL timu inaweza kumwacha mchezaji na mkataba ukaishia hapo, tofauti na soka la Ulaya ambako klabu hulazimika kulipa mkataba au kuelewana na mchezaji.

Zaidi ya hapo, mkataba wake ulikuwa na kipengele kinachopunguza mshahara karibu nusu akiingizwa kwenye orodha ya majeruhi. Maana yake, kwa karatasi, mtu aliyelala na bomba kooni alipaswa kukatwa malipo. Timu, ligi na chama cha wachezaji wakakubaliana alipwe yote. Ni jambo jema. Lakini sisi tunajiuliza: kama angeanguka mazoezini, asubuhi, bila kamera, makubaliano hayo yangepatikana haraka vile? Pia, ili mchezaji apate haki ya pensheni ya ligi anahitaji misimu mitatu inayohesabika. Hamlin alianguka katika wa pili.

Hii inasaidia kuelewa kwa nini alitaka kurudi. Wapo waliosema ni ujasiri na wapo waliosema ni ujinga. Wataalamu watatu wa moyo waliomchunguza walikubaliana kwamba anaweza kucheza bila hatari zaidi ya mwingine. Yeye alisema alitaka kurudi kwa hiari yake. Tunaamini hivyo. Lakini alikuwa pia kijana wa miaka 25 mwenye kazi moja aliyoijua, katika ligi ambayo wachezaji wengi hudumu takriban miaka 3 tu.

Oktoba 1, 2023 alicheza mechi ya ligi kwa mara ya kwanza tangu ajali, dhidi ya Miami Dolphins. Msimu huo alicheza kidogo. Msimu uliofuata alirudi kikosi cha kwanza, na Septemba 2024, mechi ya Jumatatu usiku tena, alidaka mpira wa wapinzani Jacksonville Jaguars kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya NFL. Machi 2025, mkataba wa kwanza ukiwa umekwisha, Bills walimpa mwingine. Wa mwaka mmoja.

Hata hivyo kazi yake kubwa imekuwa nje ya uwanja. Amekwenda miji mingi kufundisha watu kubonyeza kifua na kugawa mashine za kushtua moyo kwa klabu za vijana. NFL na ligi nyingine ziliunda muungano wa kushinikiza majimbo yote yawe na mambo matatu shuleni: mpango wa dharura ulioandikwa, mashine iliyo karibu, na makocha waliofundishwa. Mwishoni mwa 2024 Rais Joe Biden alisaini sheria ya kusaidia shule kupata mashine na mafunzo hayo, sheria ambayo Hamlin aliipigania hadharani.

Tumeshawahi kuliona

Kwa mashabiki wa soka, habari hii si ngeni. Juni 26, 2003 mjini Lyon, Ufaransa, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka katikati ya uwanja wakicheza na Colombia, bila kuguswa na mtu. Alikuwa na miaka 28. Hakuinuka tena.

Machi 17, 2012 jijini London, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akichezea Bolton, alianguka katika mechi dhidi ya Tottenham. Daktari wa moyo aliyekuwa amekaa jukwaani kama shabiki alishuka kusaidia. Moyo wa Muamba haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Katika muda wote huo watu walikuwa wakibonyeza kifua chake kwa zamu na kumshtua. Aliishi, ingawa hakucheza tena.

Juni 12, 2021 jijini Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark alianguka wakicheza na Finland. Alibonyezwa kifua na kushtuliwa na mashine pale pale, akapona, akarudi kucheza akiwa na kifaa kilichopandikizwa kifuani.

Sababu zao zilitofautiana na ya Hamlin. Lakini kwa Muamba na Eriksen, kama kwa Hamlin, kuna mtu aliyeanza kubonyeza kifua mara moja.

Na kwetu?

Sasa tumjibu kocha. Sisi tumetangaza mechi za kombe la mbuzi na ligi za kata kwa miaka kadhaa. Mwaka mmoja, kwenye uwanja ambao hatutautaja, tulimwona kijana akianguka peke yake karibu na mstari wa kati. Watu wakakimbia kwa nia njema. Mmoja akamwagia maji. Mwingine akampepea kwa fulana. Wawili wakahangaika kumfungua mdomo kwa kijiko wakisema amemeza ulimi. Sisi tulikuwa na kipaza sauti mkononi na hatukujua la kusema. Yule kijana, tunamshukuru Mungu, alikuwa amezimia kwa joto na njaa, akazinduka mwenyewe. Moyo wake ungekuwa umesimama, kundi lile lote pamoja na sisi tungemsindikiza tu.

Kwa hiyo tumewauliza wahudumu wa afya na kusoma maelekezo ya huduma ya kwanza. Mambo ni haya.

Mtu akianguka ghafla, mwite na umtikise mabega. Angalia kama anapumua kawaida kwa sekunde zisizozidi kumi. Kukoroma au kutweta mara moja moja kama samaki nje ya maji si kupumua. Kama haitikii na hapumui kawaida, chukulia kwamba moyo umesimama.

Mtume mtu mmoja, kwa jina lake, apige simu kituo cha afya na kuleta usafiri. Ukisema "jamani mtu apige simu," kila mmoja atadhani mwenzake amepiga.

Mlaze chali mahali pagumu. Piga magoti pembeni yake. Weka kiganja kimoja katikati ya kifua na kingine juu yake, nyoosha mikono, bonyeza kwa uzito wa mwili kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kisha acha kifua kirudi juu. Fanya haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Usisimame. Ni kazi ya kuchosha, kwa hiyo badilishaneni kila dakika mbili. Aliyefundishwa kupuliza hewa afanye hivyo, na kwa mtoto au aliyezama majini hewa ni muhimu sana. Asiyefundishwa abonyeze tu.

Usiogope kumuumiza. Mbavu iliyovunjika hupona.

Usipoteze muda na ulimi. Mtu hawezi kumeza ulimi wake. Kijiko mdomoni huvunja meno na kula dakika ambazo hamna.

Hatutawadanganya. Kubonyeza kifua peke yake mara nyingi hakuuwashi moyo unaotetemeka; kunaupelekea ubongo damu mpaka mashine au wahudumu wapatikane. Huku kwetu mashine hizo ni chache, bei yake ni kubwa kwa klabu ya kijiji, na zahanati yenye daktari inaweza kuwa mwendo wa saa nzima kwa bodaboda. Kijana akipatwa na alichopata Hamlin kwenye uwanja wetu leo, nafasi yake ni ndogo kuliko ya Hamlin. Tukibaki tunapepea, nafasi hiyo haipo kabisa.

Yapo mambo yasiyohitaji fedha. Kabla ya mechi, makocha wawili na mwamuzi wakutane dakika tano: nani anajua kubonyeza kifua, namba ya kituo cha afya ni ipi, pikipiki au gari gani limekaa tayari na lina mafuta, mgonjwa atatokea wapi. Mwalikeni mhudumu wa afya wa kijiji afundishe timu mara moja kwa msimu. Godoro la zamani lililokunjwa au gunia lililojazwa nguo linatosha kwa mazoezi. Mchezaji aliyewahi kuzimia akiwa anakimbia, au ambaye ndugu yake wa damu alikufa ghafla akiwa kijana, aende akapimwe kabla ya kucheza. Na mwenye homa asivae jezi, hata kama ni fainali na mbuzi ameshafungwa pale pembeni.

Julai 2023, Marekani ilipotoa tuzo zake za michezo, heshima ya utumishi ilikwenda kwa kitengo cha tiba cha Buffalo Bills. Hamlin ndiye aliyewakabidhi. Walisimama nyuma yake, watu ambao mashabiki wengi hawakuwa wakijua majina yao kabla ya Januari ile, naye akashindwa kuzuia machozi.

Jumamosi saa kumi jioni, kwenye kipindi cha michezo, tutakuwa na muuguzi studioni ambaye ataeleza hatua hizi moja baada ya nyingine na kujibu maswali yenu. Makocha wa ligi ya kata, tunawaomba muwe karibu na redio. Na yule aliyetuuliza swali, tutakupigia hewani, uwe na timu yako.